Kuku, Mwambie Mama Awashe

Pikapu ya baba ilikuwa na tabia zake, na nilizijua zote vile mtu anavyojua tabia za ndugu zake wa tumbo moja. Mlango wa kushoto ulifunguka kutoka nje tu, kwa hivyo abiria wa mbele alikaa ndani mpaka mtu wa huruma aje kumtoa. Kipimo cha petroli kilikufa zamani. Honi ililia yenyewe kila ulipokata kona ya kulia, na watu wa kijijini kwetu Myanga walikuwa wameshazoea. Hawakushtuka tena. Walisema tu, "Mzee anaingia nyumbani." Mfuniko wa tanki ulipotea siku ya soko, na baba, ambaye hakupenda kununua kitu kama anaweza kukitengeneza kwa mkasi, alikata mguu wa suruali yake kuukuu, akaukunja na kuusokomeza kwenye mdomo wa tanki. Mguu huo wa suruali ulikaa pale miaka, umelowa petroli na vumbi, na gari halikulalamika.

Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, na ndiye aliyenifundisha kutafuta ugonjwa wa gari. Hakuwa fundi. Alikuwa mchuuzi wa mahindi na mbao ambaye gari lilimzimikia njiani mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia. Shida aliyoijua zaidi ni ile ya injini kuzunguka vizuri, kwa nguvu zote, na kukataa kushika. Kila mpita njia atakwambia usukume. Baba alikuwa akikasirika sana akisikia hivyo.

"Kama stata inazunguka, unasukuma nini?" aliniambia. "Usikimbilie spana. Kwanza uliza, nani ameigusa mara ya mwisho? Halafu uliza moto. Halafu uliza petroli. Ukiruka moja, utarudi nyumbani na miguu."

Nilimwona mzee mwenye maneno mengi. Swali lake la kwanza ndilo lililonichekesha zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa lile lile siku zote: aliyeligusa mara ya mwisho ni yeye.

Sasa lazima nieleze jambo la wakwe, maana bila hilo haya ninayoyakumbuka ni habari ya gari tu. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia na kuingia shambani kana kwamba ameona huko mboga anayoitaka. Mgeni akiona hivyo hudhani wamekosana. Hawajakosana hata kidogo, wanaheshimiana. Neno likilazimika kupita kati yao, linapitia kwa mtu mwingine, na kama huyo mtu hayupo, neno linangoja.

Mama mkwe wangu aliishi Matisi, pale Kitale. Alikuwa mjane, na alikuwa akinunua maharagwe mpakani Suam na kuyauza mjini. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimekaa na binti yake miaka kadhaa, na bado ningeulizwa sura ya mama huyo ningebabaika. Nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi chake cha kutangaza kwamba anapita, na kwa mgongo. Mgongo wake niliujua vizuri sana. Naye bila shaka aliujua wangu.

Mke wangu alikuwa amepoteza mimba mbili. Siwezi kuliandika hilo kwa maneno mazuri, na sitajaribu. Mara zote mbili mama yake alikuwa Suam kwenye maharagwe, na habari ilimfikia wakati hakuna la kufanya isipokuwa kulia. Mimba ya tatu ilipokomaa, ikawa daktari wa hospitali moja ya Bungoma hataki kungoja uchungu. Alisema atampasua, na akataja siku: Jumapili hiyo hiyo, mchana.

Mke wangu aliambiwa hayo Jumamosi jioni. Alinishika mkono wa shati, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Niletee mama," akasema. "Mama akiwa pale mlangoni nitaingia. Bila yeye sijui kama nitaweza."

Nilimwambia nitamleta. Ukiniuliza ni ahadi gani nimewahi kuitoa nikiwa na hofu, ni hiyo.

Siku zile magari ya abiria yalikuwa yamegoma. Stendi zilikuwa tupu, watu wakitembea na mizigo kichwani. Basi nikaomba pikapu ya baba, nikamwacha dada yangu hospitalini na mke wangu, na Jumapili asubuhi nikashika njia ya Kitale. Mpango, uliopangwa na mke wangu kwa simu, ulikuwa mzuri. Mama mkwe angekuja na jirani yake, mama mmoja wa kanisa lao, mnene, mcheshi, ambaye angekaa katikati yetu na kupokeza maneno huku na huku. Nilijaza tanki Kitale, nikaingia Matisi nikipiga mluzi.

Yule jirani alikuwa amelala na malaria. Niliambiwa hivyo na mwanamke mmoja aliyekuja hadi kwenye gari, huku mama mkwe akiwa nyuma ya nyumba, nikisikia kikohozi chake. Nikasimama upande wangu wa gari nikitazama ukuta wa jirani. Mambo yakaamuliwa nyuma yangu kwa sauti za chini. Mwishowe yule mwanamke akarudi.

"Mama anasema atapanda nyuma. Wewe angalia tu mbele."

Nikaangalia mbele. Nilisikia kigoda kikipandishwa, kikapu, chupa ya uji, na kuku akilalamika. Nilisikia mtu akihangaika kidogo na kitu ubavuni mwa gari, upande wa tanki, nikadhani anafunga mzigo. Mwanamke aliyefunga magunia ya maharagwe maisha yake yote hafundishwi kufunga mzigo. Nilikuwa nimetundika leso kwenye kioo cha nyuma cha kibanda cha dereva ili nisimwone hata kwa bahati mbaya. Akagonga bodi mara mbili, tukaondoka.

Niliendesha polepole, kwa ajili yake. Mtu mzima amekaa kwenye kigoda nyuma ya pikapu, ameshika kikapu, huwezi kukimbia. Tukapita Kiminini, ambako watu walikuwa wakielekea kanisani na viatu mkononi kwa ajili ya matope. Tukapita Kamukuywa, tukashuka hadi darajani, tukaanza kupanda upande wa pili. Hapo ndipo injini ilipoanza kukohoa. Nikapunguza gia. Ikavuta kidogo, ikakohoa tena, kisha ikanyamaza, nami nikaliacha gari lirudi kinyumenyume taratibu hadi kando ya barabara, mbele ya shamba la miwa.

Nikazungusha ufunguo. Stata ilizunguka kwa furaha kabisa, kama mtu asiyejua kuna msiba. Haikushika. Nikazungusha tena. Nikangoja, nikazungusha. Hakuna.

Mwanamume mmoja akapita na baiskeli, amevaa koti la kanisani.

"Pole, bana. Imekataa?"

"Imekataa."

"Si mngesukuma tu?" Akatazama nyuma ya pikapu, akamwona mama aliyejifunika leso amenipa mgongo, akaelewa kila kitu papo hapo. "Ayaa. Pole sana." Akakanyaga baiskeli na kwenda zake haraka, maana hakutaka kuingia katika mambo ya wakwe.

Nilikuwa na simu. Simu yenyewe ilikuwa na salio la kubipu tu, kuita mara moja na kukata. Nikambipu dada yangu. Naye akanibipu. Tukabipiana hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake awe ndiye mwenye pesa, na katika kubipiana huko sikuweza kujua kama anasema njoo haraka au anasema kila kitu ni sawa.

Nikafungua boneti na kuanza kazi kama nilivyofundishwa. Nani ameigusa mara ya mwisho? Mimi. Nilijaza petroli mimi, nikapima oili mimi. Swali la mzee likaisha hapo. Halafu moto. Kuujua moto ni kazi rahisi: unavua waya wa plagi moja, unachomoa plagi yenyewe, unairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, kisha injini inazungushwa na wewe unatazama kama cheche inaruka. Rahisi, lakini inahitaji watu wawili. Mtu mmoja hawezi kuwa kwenye ufunguo na pia awe kwenye plagi. Nilijaribu. Nilizungusha ufunguo kwa mkono mmoja huku nimenyoosha shingo nje ya mlango kama kobe, na sikuona kitu isipokuwa boneti.

Nikatazama barabara juu na chini. Watu wote walikuwa kanisani. Kwa mbali nilisikia ngoma za wokovu na kwaya ikiimba, na nikawaonea wivu. Nilikasirika. Nilikasirikia gari, nikakasirikia mgomo, nikakasirikia malaria, na ukweli ni kwamba nilikasirikia pia mila yetu, iliyonipa mtu mzima mwenye mikono miwili mita chache kutoka nilipo na kunikataza kumwita.

Ndipo nikasikia pikapu ikitikisika. Mtu alikuwa anashuka. Nikaganda nyuma ya boneti. Nyayo zikaja upande wa dereva, mlango ukafunguka, springi za kiti zikalia. Kisha ikaja sauti ya mama mkwe wangu, wazi kabisa, lakini haikunielekea mimi.

"Wewe kuku," alisema, "si uulize huyo dereva kama anataka mtu ya kuwasha gari."

Boneti ilikuwa imesimama kati yetu kama mlango uliofungwa. Yeye hanioni, mimi simwoni. Tungejenga ukuta kwa ajili ya kazi hiyo tusingeupata mzuri kuliko ule. Na mtu wa kupokeza maneno alikuwapo, ameletwa kibandani na mama, amekaa kwenye kikapu, amefungwa miguu.

Nikasafisha koo.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama asante. Mwambie ashike huo ufunguo, azungushe, asiachilie mpaka niseme basi."

"Kuku, mwambie nimesikia."

"Kuku, mwambie mama awashe."

Akawasha. Hakuwa amewahi kukaa nyuma ya usukani maishani mwake, na alizungusha ule ufunguo kama mtu anayekamua suruali ya jinzi. Injini ikazunguka, na kwenye ncha ya plagi nikaona cheche, buluu, safi, ikiruka na kuita ta-ta-ta-ta.

"Basi! Kuku, mwambie basi!"

Stata ikanyamaza.

"Kuku anauliza imekuwaje," akasema, ingawa kuku hakuwa amesema chochote.

"Kuku, mwambie moto uko. Sasa tunatafuta petroli."

Nikarudisha plagi mahali pake. Nikavua mpira unaoleta petroli kwenye kabureta, nikaomba kupitia kuku kikombe cha chupa ya uji. Mkono ukajitokeza ubavuni mwa boneti, mkono tu, umeshika kikombe, nami nikakipokea kwa vidole viwili nikitazama miwa. Nikauingiza mpira kikombeni.

"Kuku, mwambie mama awashe."

Injini ikazunguka. Yakatoka matone machache, kisha hewa, kisha hata hewa ikakoma. Kikombe kilibaki kikavu hivi kwamba ungeweza kunywea chai. Tanki lilikuwa limejaa, nililijaza kwa mkono wangu mwenyewe, na petroli haikuwa inafika. Nikavua mpira upande wa pili wa pampu, ule unaotoka kwenye tanki, nikautia mdomoni na kuvuta. Petroli ilikuja kwa shida, kisha kitu cha ajabu kikatokea: ikanivuta mimi. Nilihisi ule mpira ukininyonya ulimi. Nikautema, nikafuta mdomo kwa mkono wa shati, nikawaza pampu imekufa, na mipira ya kutoka kwenye tanki imeziba pia, na labda gari lote limerogwa. Pampu maana yake ni Kitale, na Kitale maana yake ni Jumatatu, kwa sababu maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa.

Jua lilikuwa limesimama utosini. Nikakaa chini kwenye majani mbele ya gari, nikiegemea kibao cha namba. Simu ikalia bipu moja. Nikaitazama. Sijui kwa nini bipu ile ilinivunja kuliko zote. Nikasema kwa sauti, bila kumpitishia kuku, bila kumpitishia yeyote, "Ataingia peke yake. Nilimwambia nitamleta mama yake, na ataingia peke yake."

Ndani ya kibanda springi za kiti zililia. Nilisikia kuku akijisogeza. Kisha mama mkwe akasema taratibu, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, sauti ndogo.

"Kuku. Uliza kama... uliza kama ile mdomo ya tanki inaweza kuwa ndio inasumbua. Ile nilifunga."

Nikainuka.

"Nani alifunga?"

Nilisema hivyo moja kwa moja, kama mtu na mtu. Hakunilaumu. Alijibu haraka haraka, na kuku akasahaulika kabisa.

"Mimi. Kulikuwa na kitambaa chafu, inatoa harufu yote ya petroli, na ati uji ya mtoto wangu iko hapo karibu. Sasa nilitoa, nikaweka nailoni ya mbolea, ile nzito, nikafunga na mpira ya tyubu. Nilifunga mzuri. Kwani ni mbaya?"

Nikazunguka gari mbio mpaka ubavuni. Kweli, alikuwa amefunga vizuri. Sijawahi kuona mdomo wa tanki uliofungwa vile. Nailoni ilikunjwa mara mbili, mpira ukazungushwa na kukazwa kwa fundo la mtu aliyesafirisha maharagwe kwenye barabara ya Suam bila kumwaga hata punje. Na katikati, ile nailoni ilikuwa imebonyea ndani, imefyonzwa, kama mashavu ya bibi anayevuta kiko. Tanki lilikuwa halina pa kupumulia. Kila tone lililotoka halikufuatwa na hewa ya kuchukua mahali pake, mpaka tanki lenyewe likaanza kuing'ang'ania petroli yake. Mguu wa suruali ya baba ulikuwa mchafu na unanuka, lakini ulipitisha hewa.

Nani ameigusa mara ya mwisho? Ningeuliza swali hilo kwa sauti pale Matisi, tungekuwa tumefika. Lakini ningemuuliza nani, na kwa mdomo gani? Naye angeniambia nini, na kupitia kwa nani? Alifanya wema kimyakimya, jinsi mkwe anavyotakiwa kufanya, na mimi nikatazama ukuta kimyakimya, jinsi mkwe anavyotakiwa kutazama. Ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulinyonga gari kwa adabu.

Lile fundo lilinishinda, nikalikata kwa meno. Nailoni iliponyanyuka tu, tanki likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, mpaka nikacheka peke yangu. Nikakiokota kitambaa cha baba, ambacho mama mkwe, kwa kuwa hatupi kitu, alikuwa amekiweka chini ya kigoda. Nikakisokomeza mahali pake. Nikarudi mbele, nikaunganisha mipira yote, nikashika ncha ya boneti.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama awashe."

Injini ikazunguka, ikazunguka, ikatafuta, ikakohoa, ikashika. Ikanguruma. Naye hakuachilia ufunguo, kwa sababu sikusema basi, na stata ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Basi mama! Basi, basi, mama!"

Akaachilia. Kisha ndani ya kibanda kikapanda kigelegele kimoja, kirefu, cha kanisani kabisa. Nikasimama na boneti mkononi nikilia, nasema ukweli, machozi ya mtu mzima mchana kweupe, na nikamshukuru Mungu kwamba boneti bado ilikuwa juu.

Lakini muda ulikuwa umekwenda. Kama angerudi kwenye kigoda ningelazimika kutambaa tena, na kutambaa kusingetufikisha. Sikujua namna ya kulisema hilo. Sikuhitaji. Nilipofunga boneti nilimkuta ameshatoka, amezunguka, amefungua mlango wa kushoto kutoka nje na kuingia mbele. Alikuwa amejifunika leso mpaka puani, ameelekeza uso dirishani. Katikati yetu, juu ya kiti, alimweka kuku.

"Kuku," akasema, "mwambie dereva akimbie."

Nikakimbia. Misikhu ikapita, Webuye ikapita na harufu yake ya kiwanda cha karatasi, nami nilikazana mpaka usukani ukawa unatetemeka mikononi. Njia nzima hatukusema neno lingine, isipokuwa mara moja tu tulipopishana na lori kwa karibu, akasema, "Kuku, sikumaanisha hivyo."

Pale Bungoma, lango la hospitali liko upande wa kulia. Nilipokata kona, honi ikalia, ndefu, mbaya, mbele ya wagonjwa wote na bango la kuomba utulivu. Mlinzi akaanza kunitukana. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba wakati huo alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, tayari kusukumwa, na alikuwa ameshika chuma cha dirisha akikataa kukiachilia, wauguzi wakimbembeleza na dada yangu akilia. Alisikia ile honi. Akaachilia dirisha akasema, "Huyo ni mama. Ngojeni tu."

Nilizunguka nikamfungulia mama mkwe mlango, maana hakuwa na njia nyingine ya kutoka. Tulisimama karibu kuliko inavyoruhusiwa. Nilitazama viatu vyake. Akapita mbele yangu na chupa ya uji, na alipofika kwenye veranda alianza kukimbia, mama yule mzito, leso ikimwanguka mabegani, na hapo ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza, kwa upande, kwa sekunde chache. Ulikuwa uso wa mke wangu.

Sikuingia. Yeye akiwa ndani, mahali pangu palikuwa nje, na sikuwa nimewahi kuipenda mila hiyo kama nilivyoipenda saa ile. Nilisikia mke wangu akiita "Mama," na nikasikia mama akiitika. Kisha magurudumu, kisha mlango. Nikaketi kwenye ubao mrefu wa nje nikinuka petroli, mdomo wote unawaka, na watu wakanipisha nafasi.

Mara zile mbili, aliyetoka kuniambia alikuwa muuguzi, na nilijua kabla hajafungua mdomo. Safari hii nilisikia kikohozi. Nilikijua kikohozi hicho popote. Nikasimama haraka na kugeukia ukuta, kama inavyopasa. Nyayo zikaja, zikasimama nyuma yangu, zikageuka. Tukawa tumepeana migongo.

Nilingoja amtafute mtu wa kunipelekea neno. Dada yangu alikuwa ameenda kutafuta maji. Kuku tulikuwa tumemwacha kwenye gari.

"Baba," akasema mama mkwe wangu. "Ni msichana. Analia na nguvu. Mama yake ako sawa, ameniona nikiwa hapo."

Nikaweka paji la uso ukutani. Ukuta ulikuwa na baridi.

"Asante, mama," nikasema. "Asante sana, mama."

Muuguzi mmoja kijana akapita na sinia, akatutazama, mimi nimeukabili ukuta na yeye ameikabili bustani, sote tunafuta macho.

"Kwani nyinyi mmekosana?" akauliza.

"Hapana," mama mkwe akajibu. "Huyu ni mtoto wangu."

Kisha akakohoa kidogo na kuuliza, bila kugeuka, iwapo kuku ameshapewa maji.